Diski ya Darini

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuja dukani kwangu. Kwa miaka yote tangu nimwoe binti yake, kila aliposhuka mjini alipita ng'ambo ya barabara, kanga imemshuka mpaka kwenye paji la uso. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoinua kichwa nikamwona amesimama mlangoni, na nyuma yake mwendesha bodaboda amekumbatia mzigo uliofungwa kwenye blanketi, niliweka bisibisi chini nikajua kuna jambo.

"Shikamoo, mama."

Akaitikia huku akitazama ukuta. Huku kwetu milimani mkwe na mkwe hawakaziani macho, hawataniani, na hawali pamoja. Nikamvutia kiti karibu na pazia, mimi nikarudi nyuma ya meza yangu, na kati yetu pakabaki nafasi ya kupita ng'ombe. Mwendesha bodaboda akatua mzigo, akafungua blanketi. Ilikuwa sipiyu ya kompyuta, ya zile za zamani, nzito, na kava lake limegeuka rangi.

"Baba," mama mkwe aliniambia, "nataka sauti ya mzee. Imo humo."

 Akakunja mikono ndani ya kanga, akatulia kama mtu aliyempeleka mgonjwa hospitali na sasa anangoja aitwe.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, la sivyo mtu hataelewa jinsi siku zile zilivyonitesa. Mimi ni fundi kompyuta hapa Lushoto mjini, chumba kimoja nyuma ya soko, na watu wote wanaujua mdomo wangu. Mtu akiniletea kompyuta aliyoimwagia chai akaniambia imezima yenyewe tu, nampa ukweli wake palepale, mbele ya watu. Mke wangu anasema wateja wananivumilia kwa kuwa hawana pa kwenda. Mimi nasema wengine wanapenda kugombezwa kidogo, wanajisikia wapo nyumbani. Lakini mkwe humgombezi. Mkwe ukimkosea hata kwa jicho, habari inafika kwa wajomba kabla hujalala. Hasira zangu zote nilitakiwa nizimeze, na mimi kumeza hasira sijawahi kujua.

Mzee mwenyewe, baba mkwe wangu, alikuwa mpiga video wa harusi. Kuanzia kwao njia ya Rangwi mpaka huku Irente, aliyeoa zama zile bila mzee kubeba kamera yake ukumbini alionekana kaoa kwa siri. Waislamu aliwapiga, Walutheri aliwapiga, kipaimara, maulidi, kumuaga mwalimu mkuu, kote alikuwapo. Na kote hakuonekana, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera. Alipofariki tulitafuta video yake hata moja, hatukupata. Simu yake ilikuwa kitochi, na mtu akimnyooshea simu kubwa alikuwa anageuka anaondoka, anasema yeye anapiga, hapigwi. Zikabaki picha za mnato, moja ya kitambulisho na nyingine ambayo bega tu ndilo lake.

Sauti, hata hiyo haikuwepo. Video alizowapa wateja zilikuwa zimepigwa muziki juu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu wateja ndivyo walivyotaka. Sauti yake ilikuwa kwenye zile mbichi tu, kabla hazijakatwa na kupambwa, na zile mbichi alizihifadhi kwenye sipiyu hii na si mahali pengine.

Jioni mke wangu ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Mama alikuwa amelala chumba cha watoto, sisi tuko jikoni, na mke wangu aliongea kwa kunong'ona. Alisema mama yake ameanza kuisahau sauti ya mzee. Akifumba macho anamwona mume wake anachezesha midomo, lakini sauti haiji. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa aibu. Kuishi na mtu umri wote ule halafu sauti yake ikupotee, anaona kama amemkosea marehemu. Amekaa nalo, amekaa nalo, mpaka siku moja akaita bodaboda.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, ni kazi ndogo, kesho tu. Kinywa changu hicho.

Kesho yake nikaondoa skurubu za kava, nikavuta, na harufu iliyonipiga ilikuwa ya moshi. Moshi wa kuni, mzito, wa miaka. Ndani kote kulikuwa na masizi. Feni ilikuwa imegandana, pawa saplai, kile kisanduku cha umeme, imeshikwa na kitu cheusi cha kunata kama chini ya sufuria, na pembeni, kwenye kona ya chuma, nikaokota punje ya mahindi na harage moja jekundu. Nikazishika kwenye kiganja nikaziangalia. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mteja mwingine yeyote ningemuuliza kama kompyuta ndiyo aliyokuwa anachemshia makande.

Mama mkwe alikuwa pale pale kwenye kiti chake karibu na pazia. Alikataa kubaki nyumbani. Nilimwona amegeuza uso zaidi ukutani, na nikajua anajua nilichokiona. Mimi siwezi kuuliza. Yeye hawezi kusema. Nikaziweka zile punje mfukoni, nikakohoa, nikasema kuna vumbi kidogo.

Mke wangu alipoleta chai nilimvuta nyuma ya duka nikamwuliza hiki kitu kilikuwa kinakaa wapi. Kwanza akatua birika chini. Kisha akasema kilikuwa darini, jikoni kwa mama, juu ya moto.

"Juu ya moto?"

"Sasa angekiweka wapi?" mke wangu alinigeukia. Na yeye hasira anazo, tusidanganyane. Akaniambia ile nyumba yao nimeiona, ukungu unaingia mpaka chini ya godoro, nguo zinanuka uvundo kabatini. Kitu ambacho hutaki kiharibike unakiweka wapi? Mbegu wanaweka wapi? Mbegu ya mahindi na ya maharage inakaa darini juu ya moshi, haiguswi na unyevu wala mdudu, na msimu ukija inaota. Mama amechukua kitu cha thamani kuliko vyote alivyoachiwa, amekipandisha kule mwenyewe, na kila alipowasha moto alikuwa anajua anakitunza.

 Nilirudi ndani nikaendelea kusafisha, na yale masizi sikuyaona tena kwa jicho lile la kwanza.

Ile sipiyu haikuwa ya kuwaka tena, hilo lilikuwa wazi. Lakini video hazikai kwenye sipiyu nzima, zinakaa kwenye diski, na diski zilikuwa mbili, moja ya kuendeshea kompyuta na nyingine ya kuhifadhia. Hiyo ya pili ndiyo niliyoitaka. Niliifungua skurubu zake, nikaitoa polepole kwa mikono miwili, nikaifuta. Diski imefungwa vizuri, masizi hayaingii ndani kirahisi. Kilichonitia hofu ni joto. Pale mgongoni pana sehemu mbili za kuchomekea waya, moja nyembamba ya data na moja pana ya umeme, na kila moja ina ulimi wa plastiki ulioshikilia vipande vya shaba. Plastiki ya miaka juu ya moto inakauka inakuwa kama gamba la yai. Ulimi wa upande wa data tayari ulikuwa na ufa.

Nilisugua shaba kwa kifutio cha penseli mpaka zikang'aa. Nikafungua kompyuta yangu ya dukani, nikaipachika diski ya mzee kwenye nafasi yake, ilale sawa isitikisike, nikachomeka waya wa umeme, kisha ule wa data, taratibu, bila kusukuma. Nikawasha. Diski ikaanza kuzunguka, nikafurahi. Halafu ikagonga. Tk, tk, tk, ndani kwa ndani, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Fundi yeyote akisikia mlio huo anajua kinachosoma ndani ya diski kimeanza kuchoka, na kila dakika inayozunguka ni kama unakula akiba.

Nikaizima. Mama mkwe akanitazama, kwa mara ya kwanza, nadhani alijisahau. Nikamwambia mashine inapumzika.

Jioni hiyo niligombana na mke wangu kwa sababu ya bure kabisa, chumvi sijui. Yeye alitaka tuipeleke Dar es Salaam kwa mafundi wakubwa. Mimi niliogopa barabara, kule kutikisika, na niliogopa zaidi kumwambia mama yake kwamba ile diski inaondoka mbele ya macho yake. Ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa. Nimezoea kuogopwa na kompyuta za watu, nikajikuta mimi ndiye naogopa kidude kinachoenea kiganjani.

Nilichogundua ni kwamba diski ile ilitulia ikiwa ya baridi. Ikiwashwa tu inasoma vizuri, ikipata joto inaanza kugonga. Na baridi ya Lushoto mwezi wa Julai haihitaji kutafutwa. Kwa hiyo tulianza alfajiri, mlango wazi, dirisha wazi, ukungu unaingia mpaka juu ya meza. Mimi nimevaa makoti mawili. Mama mkwe amekuja na sweta na kanga mbili na amekataa chai, kwa sababu hawezi kunywa mbele ya mkwe wake, na mimi kwa sababu hiyo hiyo sikuweza kunywa mbele yake. Tulikaa pale wote wawili tunatetemeka, chai inapoa katikati.

Nikawasha. Skrini ikaleta ujumbe kwamba diski hii haieleweki, je, niifomati? Ujumbe ule unamwuliza mtu kama anataka kila kitu kifutwe, na unamwuliza kwa upole, kitufe cha kukubali kimeshawekwa tayari chini ya kidole. Kidole changu kilikuwa kimekufa ganzi. Nikakitoa kabisa kwenye kipanya, nikakiweka kwapani, nikashusha pumzi, nikarudi nikakataa. Nikajaribu tena, mara hii ikafunguka, na majina ya mafaili yakaanza kushuka kwenye skrini. Yalikuwa mengi. Mengi kuliko muda tuliokuwa nao.

Hapo ndipo iliponibidi nichague. Niliangalia ukubwa. Mafaili mengine yalikuwa makubwa ajabu, na nilipochungulia picha zake za mbele nikaona ukumbi mtupu, ukuta, dari, mara miguu ya mtu. Ni pale mzee alipotega kamera akasahau kuizima. Nikaona hizo ni za kupoteza muda. Nikachukua zenye watu, za maharusi wamesimama, ambapo lazima mpiga video aseme kitu. Nikaanza kukopi. Umeme ulicheza mara moja, taa ikafifia, betri ya akiba chini ya meza ikapiga kelele ikashika, na mimi nikagundua nilikuwa nimesimama bila kujijua. Kisha diski ikaanza kugonga. Nikaacha imalize kukopi ile iliyokuwa imeshaanza, nikazima.

Nilipochomoa waya wa data ili niiondoe ipoe, nikasikia kitu kidogo kikikatika. Ulimi wa plastiki ulikuwa umebaki ndani ya waya. Kwenye diski zikabaki zile shaba tupu, zimesimama peke yake. Niligeuza mgongo ili mama mkwe asione uso wangu. Nilijiambia haina shida, tumeshapata.

Mke wangu akaja, watoto wakabaki kwa jirani. Nikafungua video ya kwanza. Bibi harusi na bwana harusi mbele ya keki, na kutoka nyuma ya kamera ikatoka sauti nzito, imenyooka, Kiswahili safi cha kutangazia: "Maharusi, sogeeni kidogo. Tabasamu. Mama wa bibi harusi, karibu mbele." Mke wangu hapo hapo akaanza kulia. Alikuwa baba yake, hakuna ubishi. Hata mimi nilimwona mzee mzima mzima, na kofia yake.

Mama mkwe alisikiliza. Nikaweka ya pili, nikaweka ya tatu. Alisikiliza zote huku ameinamisha kichwa. Kisha akamwambia binti yake, kwa Kishambaa, kwa upole kabisa:

"Hii ni sauti ya kazini."

Mke wangu akasema, lakini mama, ni baba huyu. Mama akasema anajua ni yeye, hajapotewa na akili. Hii ndiyo sauti aliyokuwa akiivaa pamoja na koti la kazi. Kiswahili cha ukumbini, cha kuwapanga watu. Akifika nyumbani alikuwa anaivua mlangoni. Nyumbani aliongea Kishambaa, chini chini, maneno machache, na hiyo ndiyo imempotea. Alinigeukia kidogo, akaniambia ahsante, baba, umeteseka, Mungu akulipe. Akaanza kujifunga kanga yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Nitasema nilivyojisikia. Nilikasirika. Nilikasirika hadi nikaona giza. Baridi yote ile, roho juu juu siku nzima, halafu hii siyo? Nilitoka nje nikasimama karibu na pipa la maji nikajisemea mengine ambayo siwezi kuyaandika. Na nilipomaliza kujisemea nikakumbuka kwamba hata mimi nina sauti mbili. Wateja wangu wanaijua moja, na siku ya msiba wangu mke wangu akikuta hiyo ndiyo pekee iliyobaki, atasema nini? Nikanawa uso, nikarudi.

Nikamwuliza mke wangu, wakati mama yake anasikia, ni wapi mzee angeweza kuongea Kishambaa mbele ya kamera. Akasema hakuna, mbele ya kamera aliwaogopa wateja. Akafikiri. Kisha akasema, labda pale ambapo hakujua kamera inaona. Na mimi nikaelewa hapohapo ni mafaili gani. Ni yale niliyoyaacha. Ukumbi mtupu, ukuta, miguu ya mtu.

Sasa ilibidi niseme. Nikamweleza mke wangu kuhusu ule ulimi uliokatika, na nilisema kwa sauti ili mama naye asikie, maana kwa macho nisingeweza. Nikasema diski bado nzima lakini haina pa kushikia waya. Inabidi mtu aushike kwa mkono, shaba ziguse palepale zinapotakiwa, na mkono usitikisike hata kidogo mpaka faili liishe kukopi. Ukitikisika, basi. Na diski yenyewe sijui ina pumzi ngapi. Gundi sikuthubutu kuitia, ikitambaa juu ya shaba tumeizika.

Mama mkwe akakaa tena.

Tulingoja alfajiri nyingine. Mlango wazi, dirisha wazi. Nilipiga magoti kando ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu, nikausogeza waya mpaka nikahisi shaba zimeingia, nikaubana kwa vidole viwili, kiwiko nimekiegemeza kwenye goti. Mke wangu alikaa kwenye kiti changu, ashike kipanya. Nikamwambia awashe. Diski ikazunguka. Skrini ikanyamaza muda mrefu, nikajua nimeshika vibaya, sikuthubutu kusogea, kisha mke wangu akasema majina yametokea. Nikamwambia ashuke, ashuke, atafute lenye ukumbi mtupu, achukue lililo kubwa zaidi. Akauliza lipi. Nikamkaripia, mbele ya mama yake nikamkaripia, nikasema chukua lolote, diski inapata joto.

Akachukua. Ule mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Mimi sikuuona, nilikuwa natazama vidole vyangu, lakini mke wangu alikuwa anausoma kwa sauti, nusu, nusu na kidogo. Goti lilianza kuwaka moto. Vidole sikuvisikia tena, niliviona tu vipo. Kitu kikavuma barabarani, lori la mboga linaloshuka kwenda Mombo, na sakafu ikatetemeka, na mimi nikabana meno nikaomba lori lile lipite na dereva wake asirudi tena. Diski ikagonga. Ikagonga tena, sasa kwa nguvu. Mke wangu akaacha kusoma. Mama mkwe alikuwa amesimama. Nilimsikia anapumua juu ya kichwa changu, karibu kuliko alivyowahi kuwa karibu nami, na nilisikia anamtaja Mungu bila kutoa sauti.

"Imeisha," mke wangu akasema. "Imeingia."

Diski ikagonga mara nyingine, ikalia kama inakwaruza, ikasimama. Nilijaribu baadaye, nikajaribu kesho yake, haikuzunguka tena. Faili likawa hilo moja.

Nilishindwa kunyoosha vidole. Mke wangu alifungua video yeye mwenyewe. Ukumbi mtupu ulitokea, viti vya plastiki vimepangwa, vitambaa vyeupe vimefungwa migongoni, puto ukutani. Hakuna mtu. Tulikaa tukaangalia viti. Muda ukapita, viti ni vile vile, na nilianza kuona haya, nikatafuta maneno ya kumpa pole. Mke wangu akasogeza mkono aisogeze video mbele, na mama yake akamzuia kwa kidole.

Simu ikaita. Simu ya kitochi, mlio wake ule wa kukera. Zikasikika hatua, mtu akavuta kiti, akaketi, akaguna kama wanavyoguna watu wenye magoti mabovu. Kisha sauti, chini chini, ya mtu aliyechoka, kwa Kishambaa. Akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Akauliza kama huko kunanyesha.

Akanyamaza, anasikiliza upande wa pili.

"Imenyesha, imekata," mama mkwe alijibu.

Alijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye jikoni kwake. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Mzee akacheka kidogo, akauliza kama ndama ameingizwa. Mama akasema ameingizwa, tangu jua halijazama. Mzee akalalamika kwamba maharusi wamechelewa, watu wa mjini hawajui saa, na kwamba yeye ameshakula, asimwekee chakula. Mama akafyonza, akamwuliza amekula nini, biskuti? Majibu yake yalikuwa yanaingia mle mle kwenye nafasi, wala hakuwa anakisia. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilitazama viti, kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama.

Mzee akapiga mwayo. Akasema atachelewa kurudi, pengine sana, asifunge mlango kwa komeo.

"Sijafunga," mama mkwe alisema. "Njoo tu."

Simu ikakatwa, kiti kikaburuzwa, na maharusi wakaanza kuingia ukumbini.